John Wesley: Mtu Aliyeishi kwa Pauni 28



Mwezi huu wote tumekuwa tukifundishwa juu ya pesa. Tumesoma 1 Timotheo 6, tumesoma Luka 16, na wengi wenu mmeniuliza swali moja mkitoka kanisani: sasa, mchungaji, mtu anaishi hivyo namna gani? Mafundisho ni mazuri, lakini Jumatatu kuna kodi ya nyumba, kuna karo, kuna shemeji anapiga simu kutoka nyumbani. Kwa hivyo leo sitaongeza mstari mwingine. Nitawasimulia maisha ya mtu mmoja aliyeyajaribu haya mambo kwa miaka zaidi ya 60, na hesabu zake tunazo.

Mtu huyo ni John Wesley. Wengi tunamjua kwa jina kwa sababu ya ndugu zetu Wamethodisti, ambao wamisionari wao walifika pwani yetu, kule Ribe karibu na Mombasa, mwaka 1862. Lakini sisi Wapentekoste pia ni wajukuu wake. Mafundisho ya utakatifu aliyoyaeneza yalivuka bahari hadi Marekani, na kutoka kwa hao watu wa utakatifu ndipo uamsho wa Kipentekoste ulichipuka. Kwa hivyo tukimsoma Wesley tunasoma habari za babu.

Mimi nilisomea biashara kabla sijaitwa kwenye huduma, na lazima niseme ukweli: kilichonivuta kwa huyu mzee kwanza ni daftari lake la matumizi, kabla hata ya mahubiri yake.

Mtoto wa mtu mwenye madeni

John alizaliwa mwezi Juni mwaka 1703 katika mji mdogo wa Epworth, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Baba yake, Samuel Wesley, alikuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana. Mama yake, Susanna, alizaa watoto 19, na karibu nusu yao walikufa wakiwa wachanga. Nyumba ilikuwa na vitabu na maombi, lakini pesa haikutosha hata siku moja. Samuel alikuwa msomi na mtumishi, lakini mambo ya hesabu yalimshinda. Alikopa kulipa mkopo, kisha akakopa tena.

Mwaka 1705, John akiwa na umri wa miaka miwili tu, baba yake alikamatwa kwa sababu ya deni na kufungwa katika gereza la ngome ya Lincoln. Watu waliomchukia huko kijijini wakatumia nafasi hiyo kuwachoma visu ng'ombe wake, ili watoto wakose maziwa. Susanna hakuwa na pesa ya kumtumia mumewe, basi akavua pete zake akampelekea gerezani auze apate chakula. Samuel akazirudisha.

Mwaka 1709 nyumba yao iliungua usiku. John, mtoto wa miaka mitano, alisahaulika orofani. Paa likiwa karibu kuanguka, jirani mmoja alipanda juu ya mabega ya mwenzake akamtoa kupitia dirishani. Mama yake aliamini tangu siku hiyo kwamba Mungu ana kazi na huyu mtoto. Lakini vyombo vyote viliteketea, nyumba ikabidi ijengwe upya, na madeni yakarudi mezani.

Samuel alipofariki mwaka 1735, bado alikuwa anadaiwa. Siku ile ile aliyozikwa, mama mmoja aliyekuwa akimdai kodi ya shamba alikamata mifugo yote ya mjane. Fikiria hiyo picha, mpendwa. Udongo wa kaburi haujakauka, na ng'ombe wanaswagwa kutoka bomani. Sidhani kuna mtu hapa anayehitaji kuelezwa jinsi mtoto wa nyumba kama hiyo anavyojisikia. Wengine wetu tumeona watu wa mnada wakija.

Mtoto aliyekulia kwenye madeni kwa kawaida huenda njia moja kati ya mbili. Anaweza kukua akiwa na njaa ya pesa isiyoshiba, akiapa kwamba umaskini hautamkuta tena. Ama anaweza kuzoea kukopa mpaka deni linakuwa kama mtu wa nyumbani. Wesley hakufuata njia hizo mbili, na ndiyo sababu nimemleta kwenu.

Picha ukutani

John alikuwa na akili sana. Akiwa na miaka 10 alipata nafasi katika shule ya Charterhouse jijini London, na mwaka 1720 akaingia chuo kikuu cha Oxford. Mwaka 1726 alichaguliwa kuwa mwalimu mshiriki wa chuo cha Lincoln hapo Oxford. Kazi hiyo ilikuwa na mshahara wa uhakika, chumba, chakula na heshima. Kwa lugha yetu tungesema kijana ametoka, ameshika.

Akiwa Oxford, yeye na ndugu yake Charles na marafiki wachache walianza kikundi cha maombi. Walisoma Neno pamoja, walifunga, walitembelea wafungwa, na walisomesha watoto maskini. Wanafunzi wengine waliwacheka na kuwaita majina. Moja ya majina hayo ya dhihaka, Wamethodisti, lilishika mpaka leo.

Siku moja ya baridi kali msichana mmoja kati ya wale waliowasomesha alikuja chumbani kwa Wesley. Alikuwa anatetemeka. Wesley akamuuliza kama hana nguo nyingine zaidi ya lile gauni jepesi, naye akasema ndilo alilo nalo. Wesley akatia mkono mfukoni ampe kitu, akakuta karibu hakuna chochote. Pesa ilikuwa imetoka muda si mrefu. Ilikuwa imenunua picha za kupamba kuta za chumba chake.

Picha hizo hazikuwa dhambi. Hakuiba, hakucheza kamari, hakulewa. Alitumia pesa yake mwenyewe kurembesha chumba chake mwenyewe. Lakini alipoangalia ukuta kisha akamwangalia yule binti, aliona kwamba joto la yule mtoto liko pale ukutani, limetundikwa kwa msumari. Akajiuliza Bwana wake atasema nini siku ya hesabu. Jambo hilo alikuwa bado analisimulia akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80.

Hesabu ya pauni 28

Sasa tufike kwenye hesabu. Wesley alisimulia habari za kijana mmoja wa kile kikundi cha Oxford, na wengi walioandika maisha yake wanaelewa kwamba alikuwa anajisimulia mwenyewe.

Mwaka wa kwanza kijana huyo alipata pauni 30. Akaona pauni 28 zinamtosha kuishi, akatoa 2. Mwaka wa pili mapato yakapanda hadi pauni 60. Akaishi kwa zile zile 28, akatoa 32. Mwaka wa tatu akapata 90, akaishi kwa 28, akatoa 62. Mwaka wa nne akapata 120. Bado 28. Akatoa 92.

Wazee wetu wanakumbuka kwamba hata hapa Kenya pauni moja ilikuwa shilingi 20, na ndivyo ilivyokuwa Uingereza wakati huo. Lakini usihangaike kubadilisha hizo pauni kuwa pesa ya leo. Angalia namna hesabu inavyokwenda.

Mwaka wa kwanza alitoa pauni 2 katika 30. Hiyo ni chini ya fungu la kumi! Mwaka wa nne alitoa pauni 92 katika 120, zaidi ya robo tatu ya mapato yake. Hakuanza akiwa shujaa. Alianza kama yeyote wetu, na kidogo. Kitu alichofanya tofauti ni kimoja tu: aliweka dari. Alijua kiasi kinachomtosha, na mapato yalipopita hapo hakuiinua dari.

Chuoni walitufundisha kwamba matumizi hufuata mapato, kama watoto wanavyomfuata mama yao sokoni. Ukipata nyongeza ya mshahara, nyumba ya chumba kimoja inaanza kukubana, ingawa mwezi jana ilikuwa sawa. Simu inaanza kuonekana ya zamani. Watoto wanahamishwa shule. Mwisho wa mwaka mtu wa shilingi 80,000 amekwama tarehe 20 kama alivyokwama akiwa wa shilingi 30,000. Ninawaona watu wanaokuja kuombewa mpenyo wa kifedha. Mungu anajibu, kweli anajibu. Lakini wengine baada ya miaka miwili wanarudi na shida ile ile, ila imeongezwa sifuri moja mbele yake. Hapo tatizo halikuwa mapato. Ilikuwa nyumba isiyo na dari, na hakuna mvua inayoweza kuijaza.

Senti moja kwa wiki

Mwaka 1735 Wesley alikwenda Marekani, koloni la Georgia, kama mmisionari. Safari hiyo haikufaulu, akarudi nyumbani mapema mwaka 1738 akiwa amevunjika moyo. Tarehe 24 Mei mwaka huo, katika mkutano mdogo kwenye barabara ya Aldersgate jijini London, alipata uhakika wa wokovu wake, moyo wake ukawaka. Mwaka uliofuata, akiitwa na rafiki yake George Whitefield, alianza kuhubiri nje uwanjani kule Bristol, kwa wachimba makaa ya mawe na watu ambao hawakuwa na nguo za kuingia nazo kanisani. Inakadiriwa kwamba mpaka kufa kwake alisafiri zaidi ya maili 250,000, nyingi juu ya farasi.

Watu waliookoka walikuwa maskini, na kazi ilihitaji pesa. Mwaka 1742 huko Bristol walikaa kikao juu ya deni la jengo lao la ibada. Mtu mmoja, nahodha aliyeitwa Foy, akapendekeza kila mshiriki atoe peni moja kila wiki. Mwingine akasema wengi hawana hata hiyo peni. Foy akajibu kwa vitendo: nipeni watu 11 walio maskini kabisa wawe chini yangu, nitawatembelea kila wiki, asiyeweza kutoa nitamtolea mimi.

Wengine wakafuata mfano wake. Kila kiongozi akapewa watu wake wa kuzungukia. Kumbe walipokuwa wanapita nyumba kwa nyumba kuchukua peni, waligundua nani ni mgonjwa, nani anagombana na mkewe, nani amerudia ulevi. Wesley akaona kwamba Mungu amewapa kitu kikubwa kuliko malipo ya deni. Hapo ndipo vikundi vyao vya malezi vilipoanza. Ule ushirika wa nyumbani unaokwenda Jumatano jioni una jamaa yake wa zamani, na jamaa huyo alizaliwa kwenye kikao cha deni. Pesa ilipowekwa mahali pake, ikawa mlango wa kuwafikia watu.

Mwaka 1746, London, Wesley alianzisha mfuko wa mikopo kwa maskini. Alichangisha pauni 30 na shilingi 16. Mtu alikopeshwa si zaidi ya shilingi 20, akalipa kidogo kidogo kila wiki, akamaliza ndani ya miezi mitatu. Katika miezi 18 mfuko huo mdogo ulikuwa umewasaidia watu 255. Akina mama wa chama mnatabasamu, nawaona. Hii kitu mnayoifanya ina historia. Na wale wanaokopa kwa simu usiku wa manane na kutozwa riba ya kutisha waangalie: kanisa liliwahi kuona hiyo shida na kuweka mkono wake pale.

Miaka ya 1770 kiwango cha mkopo kilipokuwa kimeongezwa, fundi viatu mmoja, James Lackington, alikopa pauni 5 akapanua duka lake la vitabu. Baadaye akaamua kuuza kwa pesa taslimu tu, bila deni, na duka lake likawa mojawapo ya maduka makubwa ya vitabu London. Alipotajirika aliiacha imani, na mwaka 1791 akachapisha kitabu cha kuwacheka Wamethodisti walewale waliomwinua. Miaka ikapita, akatubu hadharani, na akajenga makanisa kwa pesa yake. Simuliza habari hii ili tumhukumu. Ninaitaja kwa sababu Wesley aliona jambo hilo likitokea kwa watu wengi, na wengi wao hawakurudi kama Lackington.

Mambo matatu aliyofundisha

Mahubiri yake juu ya matumizi ya pesa yalichapishwa mwaka 1760, na somo lake lilikuwa Luka 16, habari ya wakili asiye mwaminifu. Nitayaeleza kwa maneno yangu mwenyewe.

Kwanza, fanya kazi upate kadiri uwezavyo. Wesley hakuwa na wakati na mtu mvivu. Hakufundisha kwamba umaskini ni utakatifu. Lakini aliweka mipaka. Usipate pesa kwa kuharibu afya yako. Usipate kwa kuharibu dhamiri yako. Usipate kwa kumwangamiza jirani, iwe ni kwa kumnyonya kwa riba, kwa kumwuzia pombe kali, au kwa kumbomolea biashara yake makusudi. Ndugu zangu wa biashara, hapo pana kazi. Siku hizi tungeongeza na mashine za kamari zinazowekwa karibu na shule. Faida ipo, lakini ni faida ya nani, na imetoka mfukoni mwa mtoto wa nani?

Pili, okoa kadiri uwezavyo. Hapa wengi humwelewa vibaya. Hakuwa anasema ujaze akaunti. Alimaanisha usipoteze: usinunue kitu kwa ajili ya kuonekana, usilishe tamaa ya macho, usiwalemaze watoto kwa anasa.

Tatu, toa kadiri uwezavyo. Na alifundisha mpangilio. Kwanza timiza mahitaji yako na ya nyumba yako. Kikibaki, saidia walio wa nyumba ya imani. Kikibaki tena, watendee mema watu wote. Kwake hatua hizi tatu zilikuwa ngazi moja. Aliyepanda vidato viwili akasimama, alisema mtu huyo yuko hatarini kuliko yule ambaye hajaanza kupanda.

Aliishi alivyohubiri?

Hili ndilo swali la haki kumuuliza mhubiri yeyote wa pesa, na mimi nikiwemo.

Wesley alianza kuandika vijitabu vya bei ya chini ili maskini waweze kusoma. Viliuzwa kuliko alivyotarajia, na mwenyewe alikiri kwamba alijikuta tajiri bila kupanga. Inakadiriwa kwamba katika maisha yake alitoa pauni 30,000 hivi. Alipooa mwaka 1751, mke wake alikuwa mjane wa mfanyabiashara mwenye mali ya pauni 10,000. Wesley alihakikisha mali hiyo imewekwa kisheria kwa jina la mama huyo na watoto wake, na yeye hakuigusa. Ndoa yenyewe, wacha tuseme ukweli, haikuwa na furaha. Mtu anayesafiri mwaka mzima si rahisi kuishi naye, na hakuna anayetuambia tuige hilo.

Mwaka 1776 watu wa ushuru walimwandikia wakimshuku kwamba anaficha vyombo vya fedha, kwa sababu mtu maarufu kama yeye lazima anavyo. Akawajibu kwamba ana vijiko viwili vya chai vya fedha London na vingine viwili Bristol, na hatanunua zaidi maadamu watu wanaomzunguka wanakosa mkate.

Aliona pia mahali ambapo mali ya nchi yake ilitoka. Mwaka 1774 alichapisha kijitabu cha kuupinga utumwa, wakati ambapo bandari kama Bristol zilikuwa zinanenepa kwa biashara ya Waafrika na sukari. Aliwaambia wazi wafanyabiashara na wenye mashamba kwamba hiyo pesa ina damu ndani yake. Barua ya mwisho tunayoijua kutoka kwake, ya tarehe 24 Februari 1791, alimwandikia mbunge William Wilberforce kumtia moyo aendelee kupigana na utumwa. Siku sita baadaye alikuwa amefariki.

Lakini kwangu mimi picha kubwa ni ya Januari 1785. Alikuwa na miaka 81. Waumini maskini wa London walikuwa wamepewa makaa na mkate kama kila mwaka mpya, lakini akaona wanahitaji pia nguo. Yule mzee akatembea barabarani siku tano mfululizo, theluji inayoyeyuka ikifika kwenye vifundo vya miguu, akipiga hodi kwa watu wenye uwezo na kuomba. Alikusanya pauni 200. Kisha akaugua. Yule binti wa Oxford na gauni lake jepesi, ni kama bado alikuwa anatetemeka mbele yake.

Kilichomsumbua uzeeni

Ukidhani aliondoka duniani akiwa ametulia kabisa, hapana. Jambo moja lilimsumbua sana, na ninaona linatuhusu sisi kuliko mengine yote.

Aliona kwamba mtu akiokoka kweli, anaacha pombe, anafanya kazi kwa bidii, hapotezi pesa. Mtu wa namna hiyo lazima atapata mali. Lakini mali ikiongezeka, kiburi na kuipenda dunia huongezeka nayo, na ule moto wa kwanza unapoa. Yaani wokovu wenyewe unazaa kitu kinachoweza kuuua. Mahubiri yake ya miaka ya mwisho yanarudi hapo tena na tena. Alilalamika kwamba watu wake wameshika fundisho la kwanza na la pili vizuri, lakini la tatu wamelisahau. Dawa aliyoijua ilikuwa moja: mapato yakipanda, kutoa kupande nayo.

Wapendwa, tazameni kanisa letu. Kuna familia zilikuja hapa zikitembea kwa miguu, leo zina gari. Bwana apewe sifa, sisemi kinyume. Lakini wale waliokuwa wanakesha nasi Ijumaa wakiwa hawana kitu, wako wapi? Wengine wanatuma sadaka kwa simu, na wenyewe hatuwaoni. Paulo hakumwambia Timotheo kwamba pesa ni shina la mabaya. Alisema kuipenda. Na mapenzi hayo hayaji siku moja yakibisha hodi. Huja na nyongeza ya mshahara, yakikaa polepole sebuleni.

Najua kuna mtu anasema: Wesley hakuwa na watoto wa kuzaa, hakulipa karo, chuo kilimpa chumba. Ni kweli kabisa, na nisingekubali mtu awaambie muishi kwa pauni 28. Dari ya mama mwenye watoto wanne na wazazi shambani iko juu kuliko dari ya kijana asiye na familia. Wesley mwenyewe aliiweka nyumba ya mtu kwanza. Na mwenye deni alipe deni kwanza. Baba yake Wesley anatufundisha hilo. Sikuulizi dari yako iko juu kiasi gani. Nauliza kama unayo.

Mwisho wa hesabu

Miaka mingi kabla ya kufa, Wesley alikuwa amesema kwamba akiacha hata pauni 10 baada ya madeni yake, watu wamwite mwizi. Daftari lake la matumizi aliliandika tangu ujana mpaka Julai 1790, mkono ulipokuwa unatetemeka hata maandishi hayasomeki. Akaandika pale kwamba hataendelea, ameridhika kwamba ameokoa na kutoa yote aliyoweza.

Alifariki nyumbani kwake City Road, London, tarehe 2 Machi 1791, akiwa na miaka 87. Shughuli ya vitabu aliiacha kwa ajili ya kazi ya injili. Katika wosia alikataa gari la maiti la kukokotwa na farasi. Aliagiza jeneza lake libebwe na maskini sita, na kila mmoja apewe pauni moja. Alizikwa alfajiri, kabla jiji halijaamka. Aliacha waumini zaidi ya 70,000 Uingereza, na wengine maelfu ng'ambo ya bahari.

Baba alizikwa huku mifugo yake inakamatwa. Mtoto alizikwa huku maskini sita wanarudi nyumbani na kitu mkononi. Wote wawili walimpenda Mungu. Tofauti ilikuwa kwenye daftari.

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii

1. Someni Luka 16:1–13. Yule wakili aliitwa kutoa hesabu. Ukiitwa leo, je, unajua pesa ya mwezi jana ilikwenda wapi?

2. Mume na mke, kaeni chini na kalamu. Andikeni kiasi kinachowatosha kwa kweli: chakula, kodi, karo, nauli, wazazi, deni. Hiyo ndiyo dari yenu. Kubalianeni pesa ikizidi hapo itakwenda wapi, kabla haijafika.

3. Kila kikundi kitafute mtu mmoja kati yenu aliyebanwa na mkopo wa simu. Msimwaibishe. Fanyeni kama nahodha Foy: mtembeleeni, mjue hali, mbebe naye.

Tuombe. Baba, tunakushukuru kwa kazi ya mikono yetu. Tufundishe kusema inatosha. Nyongeza ikija, isitukute tumelala, na msichana anayetetemeka asipite mlangoni petu huku tumemaliza pesa kwenye kuta. Katika jina la Yesu, Amina.